Mwenye Nyumba Huonja Kwanza

Mama Bahati,

Leo benchi imejaa. Nakuanzia hapo kwa sababu najua ndilo swali ambalo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama mimi mwenyewe nimekula. Imejaa tangu asubuhi: wamotari waliotoka Kibabi kwa pikipiki, na matope mpaka magotini, mama mmoja anayepeleka samaki wakavu Mpofi, na askari wa kambi ya juu pamoja na ajida, mkubwa wao. Wote wamekula, wote wamekunywa, na hakuna hata mmoja aliyekunywa kabla yangu.

Najua wafu hawasomi barua. Lakini wewe ulipokuwa hai hukusoma barua pia, ulikuwa unanipa mimi nikusomee, kwa hiyo hakuna kilichobadilika sana. Nitakusomea mwenyewe.

Nataka kukumbuka kwanza nilivyofika. Vita ilinitoa kwetu milimani, nikaingia Pinga na kitenge kimoja na sufuria isiyo na mkono. Ulikuwa unasonga bugali mbele ya malewa yako, nyumba hii ya chakula, jasho linakutoka, na hukuniuliza mimi ni wa kabila gani wala nimepoteza nani. Uliniuliza tu ninajua kazi gani. Nikakujibu kwa majivuno yote ya watu wa Masisi kwamba ninajua kukamua ng'ombe. Ukacheka mpaka mwiko ukakuponyoka. "Huku ngombe haiko, iko nyani tu. Anza na masahani."

Nikaanza na sahani. Kisha sombe ya majani ya muhogo, kisha kuku, kisha maharagi ya mawese ambayo wamotari huyafuata kutoka mbali. Kasiksi ulinifundisha mwisho kabisa, ukisema mvinyo wa ndizi haukubali mtu mwenye haraka. Bado nazifukia ndizi shimoni kwa majani yake, Mama, nazikamua kwa nyasi, natia unga wa mtama uliokaangwa, halafu naiacha ifanye kazi yake. Sifunui kila mara kuchungulia. Nimejifunza.

Lakini mvinyo wenyewe haukuwa siri ya nyumba yako. Huku kwetu kila mtoto anaonywa asinywe kikombe cha mtu kabla mwenyewe hajanywa, kwa kuogopa sumu, na wenye malewa wengine hukasirika mgeni akisita. Wewe hukukasirika hata siku moja. Ulimimina, ukavuta kile kigoda chako kifupi ukaketi katikati yao, ukanywa, ukapangusa mdomo kwa kitenge, ukauliza, "Barabara iko namna gani? Batoto banasoma?" Walipokuwa bado wanajibu, vikombe vilikuwa vimeshafika midomoni.

Na bunduki. Askari wa kila aina wamepita kwenye mlango ule, na kila mmoja aliambiwa neno lilelile: "Bunduki haikule bugali. Iache inje." Mwenzao mmoja alibaki nazo chini ya paa la mbele, na sahani ya kwanza kutoka jikoni ilikuwa yake, hata kama ndani kulikuwa na mkubwa wake mwenye njaa. Wakubwa walinuna, wadogo walikupenda. Halafu walikaa benchi moja na wauza chumvi, na waliokuwa wanaogopana barabarani wakawa wanaombana pilipili.

Unamkumbuka yule mzungu wa kofia ya buluu aliyekuja na chupa yake ya divai? Aliiweka mezani kama mtu aliyeleta mahari. Akakumiminia wewe kwanza kwa adabu zote za kwao. Ukamrudishia kikombe, ukamwonyesha kwa kidole: wewe kwanza. Yule mtu alipoelewa alicheka sana, akanywa, nawe ukanywa, ukakunja uso ukasema, "Hii iko dawa ya kifua." Yeye alikunywa vikombe vitatu vya kasiksi na alipoondoka alisahau chupa yake. Chema chajiuza, ulisema, na chupa ile ukatilia mawese.

Nami nikakuletea jibini. Hili lazima nilitaje, maana ni fahari yangu. Wamotari waliponiletea kipande cha fromaji kutoka kwetu, nililia kwa harufu yake, wewe ukashika pua. Ulisema inanuka kama kiatu cha askari aliyetembea kutoka Walikale. Nikaikata, nikaiweka juu ya ndizi ya kuchoma ikayeyuka kidogo, nikampa ajida na kikombe cha kasiksi pembeni. Aliomba nyingine. Kesho yake ulikuwa unawatangazia wageni kwamba hicho chakula umekivumbua wewe. Sikukubishia, nilifurahi kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Ajida ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekaa mwisho wa benchi miaka yote. Yeye ndiye aliyeanza ile heshima, siku uliponyanyua kikombe chake uonje akakuzuia mkono: "Wacha kuonja, mama." Baada yake wengine wachache nao wakasema hivyo, wale wa zamani tu, na kila mara uso wako uling'aa. Lakini ulionja vilevile. Nilikuuliza sababu tukiwa tunaosha vyombo. Ukasema, "Kama muntu anakuamini, njo saa ya kuonja sana."

Ulipokufa, Ajida alibeba jeneza lako. Nilimwona akitelemka na wenzake kwenye utelezi, miwani imejaa ukungu, hakutaka mtu ampokee. Kwa hiyo nilipofungua malewa baada ya matanga, nilidhani yeye angekuwa wa kwanza kunisaidia.

Alikuja. Alikaa pale pale pake. Nikamimina, nikaonja haraka nimesimama, nikamwekea. Akakitazama kikombe muda mrefu, akala viazi vyake, akaondoka. Kasiksi haikuguswa. Na benchi ile, unaijua, humtazama yeye. Wamotari wakaanza kuomba maji ya chupa. Wengine wakala wamesimama, wengine wakapitiliza kwenda kwa jirani. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake pale nje, bila kujua nipo nyuma ya ukuta, "Mama njo tulikuwa tunajua. Huyu hatumujue." Miaka yote hii, Mama! Nimewapikia, nimewafulia hata mashati. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajiambia, na ya kwangu wameiona siku ulipofunikwa udongo.

Iliniuma. Sitakuficha, nililia. Kasiksi haimngojei mtu, ikigeuka siki ndiyo basi, nikawa naimwagia nguruwe wa jirani. Nguruwe wale walinenepa kwa huzuni yangu. Nikawaza kufunga nyumba na kurudi kwetu Kibabi, nikakamue ng'ombe wa watu, jina lako lifutike kwenye barabara hii kama lisilokuwepo.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Barabara ilikatika kule chini, pikipiki hazikuweza kwenda mbele wala kurudi, na wote wakajazana kwetu kwa sababu paa letu halivuji. Wasafiri, wafanyabiashara, na Ajida na vijana wake. Wakaingia na bunduki. Ndiyo, Mama. Tangu uondoke walikuwa wanaingia nazo, nami nilikuwa nanyamaza. Kigoda chako nilikuwa nimekifunika kwa kitenge chako, hakuna aliyekikalia, nikidhani hiyo ndiyo heshima.

Nikapita na mtungi. Hakuna aliyenyoosha kikombe. Mama mmoja wa samaki alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikaona anaitaka kasiksi na hathubutu, anatazama bunduki zilizolala mezani kati ya sahani, anamtazama Ajida, ananitazama mimi. Hapo nikaelewa. Hakuniogopa kwa sababu natoka milimani. Aliogopa nyumba isiyo na mwenyewe, na mimi ndiye niliyeiacha bila mwenyewe.

Nikaondoa kitenge chako, nikajifunga nacho. Nikavuta kigoda mpaka katikati, nikaketi. Nikasema kwa sauti, "Ajida, bunduki haikule bugali. Iache inje."

Vijana wake walimtazama kuona kama atanipiga au atacheka. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Akainuka na bunduki yake, akawaambia wenzake, "Munasikia mama ya nyumba? Tokeni nayo." Wakatoka, mmoja akabaki nazo chini ya paa la mbele, nami nikampelekea yeye sahani ya kwanza, yenye kuku. Nikarudi, nikaketi, nikamimina, nikanywa. Si kuonja kwa mtu anayepimwa. Nilikunywa kama mtu aliye kwake. Nikapangusa mdomo kwa kitenge chako. Nikamwuliza mama wa samaki, "Barabara iko namna gani? Batoto banasoma?"

Alianza kujibu, na kikombe kilikuwa kimeshamfika mdomoni.

Ajida alikunywa mwisho. Alikunywa chote, akageuza kikombe chini mezani, akasema, "Nilikuwa nangojea uniambie ile neno." Wiki zote zile alikuwa ananingojea, mzee yule mkaidi! Nilitaka kumkumbatia na kumpiga mwiko kwa wakati mmoja. Nikamletea ndizi na fromaji badala yake, na sikumkatia kipande kidogo.

Sasa hivi mambo ni mazuri, Mama. Wamotari wananiletea wageni mpaka kutoka Walikale mjini. Mwanajeshi akiingia na bunduki, siku hizi sihitaji hata kufungua mdomo, wasafiri wenyewe humwonyesha mlango. Wameanza kuniita Mama, mimi ambaye sijazaa. Jina la nyumba halijabadilika. Mmoja aliniambia nipake langu ukutani, nikamwuliza kama naye amebadilisha jina la baba yake.

Na leo, ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nilikuwa nimenyanyua kikombe cha Ajida kama kawaida, nikahisi mkono wake juu ya wangu. "Wacha kuonja, mama," akasema.

Niligeuka nikatazama mlangoni, nikidhani umeingia. Kisha nikaelewa anasema na mimi. Benchi nzima iliniona machozi, na sikujali.

Nikaonja, Mama. Nikaonja sana.

Namalizia barua hii hapa kaburini kwako, jua bado lipo. Nyasi nimezing'oa. Nimekuja na kikombe chako kile cha bati, kimejaa kasiksi. Katekista akiniona atasema nimerudia mambo ya wazee. Aseme tu, naye hunywa kwetu kila baada ya ibada. Nakuahidi kigoda chako hakitakaa kitupu tena, na bunduki haitavuka mlango wako nikiwa hai. Msichana mwingine akija na kitenge kimoja, sitamuuliza wa wapi. Nitamwambia aanze na sahani.

Pumzika sasa, umepika vya kutosha. Hii ni ya ndizi za shamba lako, imekamuliwa na mimi mwenyewe.

Nimeonja kwanza. Kunywa, Mama.

Mtoto wako wa masahani,
Neema