Mbuzi wa Tatu Aenda Changamwe

Soko la Mukuyuni,
Kwa mkono wa duka la Salim Shee.
2 Desemba 1977

Mpendwa Mjomba Ndululu,

Kabla ya salamu, nakutangazia kwa heshima zote, na naomba uketi: baiskeli yangu imepata kengele. Inalia.

Sasa salamu. Sisi ni wazima, kikohozi kimemwacha mama, na mvua imetunyeshea hadi kuku wanatuonea huruma. Na wewe, baridi ya Kericho waionaje? Mgongo je?

Habari kubwa ni ya mpwa wako Mwangangi. Wakumbuka mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kufunga ndoa? Wawili mkwewe, Mzee Nzomo, alishapokea. Wa tatu, yule dume, alitaka aletewe kwake Changamwe kabla ya Jumapili, tena awe wa boma letu, si wa kuokota njiani. La sivyo, bintiye Syovata arudi kwao. Na Syovata ana mimba ya miezi saba!

Basi daraja likakatika, mabasi yakalala. Tukamtia mbuzi wetu mweusi guniani, kichwa nje, tukamfunga kwenye keria ya Mwangangi. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, jirani yetu Mbuvi na Salim wa duka. Mtoni tulivusha baiskeli mabegani.

Mtito Andei tulifika Ijumaa jioni, tumelowa kama matambara. Tulimshusha mbuzi, tukamfunga nyuma ya hoteli pamoja na mbuzi wa mwenye hoteli, tukanywa chai, tukamfungua gizani, tukaendelea.

Usiku ule wa Tsavo, Mjomba! Mvua ubavuni, upepo usoni, na mbuzi akaanza kulia.

"Mnyamazisheni, anawaita simba mezani!" Mbuvi akafoka.

Hakunyamaza. Tukaimba nyimbo za kanisa ili kumfunika sauti. Salim, Mwislamu wa watu, alituzidi wote, na beti anazijua kuliko Mbuvi aliyebatizwa. Mimi nilikuwa mbele, nikipiga kengele ndovu watupishe. Nilicheka mpaka nikaingia mtaroni.

Kulipokucha Voi, mbuzi alikuwa na doa jeupe mguuni. Mwangangi alimtazama sana.

"Mvua imemwosha," Mbuvi akasema.

Tukakubaliana kwamba mvua ile ilikuwa na nguvu.

Changamwe tulifika Jumamosi usiku. Bahari hatukuiona, maji tulikuwa tumeyaona ya kutosha. Mzee Nzomo alimfungua mbuzi mdomo, akamshika masikio, akamzunguka mara mbili.

"Mbuzi wa boma hujulikana tu," mzee akasema. "Huyu amelelewa. Wanangu, karibuni ndani."

Vigelegele vikapigwa. Mwangangi, mwanamume mzima, akalia.

Syovata anakusalimu, mama pia, na Salim asema karatasi hii ni zawadi. Mungu akulinde na akukaushie njia ya kurudi nyumbani. Barua hii usimsomee Mzee Nzomo.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Mutie

Nimesahau: tukirudi tulikunywa supu katika hoteli ile ya Mtito Andei. Mbuzi wetu alikuwa mtamu.