Lango Alilolifungua Eustache

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mukarugwiza Odette
Umri: Miaka 47
Kazi: Mlezi wa wanyama
Makazi: Masaka, Kicukiro, Kigali
Tarehe: 13 Machi 2025
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi, aliyekulia Karagwe, Tanzania

Mimi niliyetajwa hapo juu nafanya kazi katika kituo cha kulelea wanyama yatima huko Masaka. Mwenzangu wa kazi ni Eustache, ambaye sasa yumo mahabusu, akituhumiwa kumfungulia tembo lango makusudi. Sisi wawili ndio tuliomlea tembo aitwaye Kaze. Aliletwa akiwa ndama, mguu wa nyuma umekatwa na waya wa mtego hadi mfupa unaonekana. Eustache alilala naye zizini msimu mzima wa mvua, maana ndama wa tembo akiachwa peke yake anaweza kufa kwa upweke. Sasa Kaze ana miaka sita, na bega lake limefika kichwani kwangu.

Mnamo tarehe 11 Machi, majira ya saa nne asubuhi, lilikuja lori la kumpeleka mbugani, upande wa mashariki, akaishi na tembo wenzake. Dereva alikuwa Mugenzi, mkazi wa Gikondo. Tulimwambia asishuke mpaka daktari wa mifugo afike. Mimi nikaenda bombani. Eustache alikuwa nje ya uzio akikata majani.

Nilisikia Kaze akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nilipogeuka, Mugenzi alikuwa ndani ya boma, simu mkononi. Alikuwa amepenya kwenye mbao na kumsogelea Kaze kwa nyuma, upande wa ule mguu, apige picha. Kaze alimsukumia kwenye kona, akamkandamiza kifuani kwa paji la uso. Mugenzi alipiga kelele, "Muntabare!" yaani niokoeni. Alisema mara moja tu. Baada ya hapo hakuwa na pumzi.

Eustache alimwita Kaze, hakusikia. Akapiga uzio kwa panga, hakusikia. Akashika komeo la lango la barabarani, ndilo lililokuwa karibu, akaniangalia. Nikamwambia, "Ukifungua atatoka barabarani."

Akasema, "Nisipofungua, huyu anakufa."

Akafungua. Akakimbia mbele ya macho ya Kaze akipiga mayowe ili amfuate yeye. Kaze alimwacha Mugenzi, akamkimbilia. Eustache alijitupa mtaroni na Kaze akampita.

Barabarani alikuwa anakuja motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aitwaye Shyaka. Alikwepa, pikipiki ikaanguka, akavunjika mkono. Hilo linaniuma na nimekwishamwambia mwenyewe. Kaze aliingia kwenye shamba la maharage la jirani yetu Nahimana, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba inayojengwa. Hakuwa na pa kwenda. Watu walijaa, wengine wakaanza kurusha mawe. Askari wa doria alifika, akainua bunduki. Mtu mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Afande, piga! Iko kali hiyo!"

Nilijiweka katikati. Askari akasema, "Mama, toka hapo."

Nikamjibu, "Mwanangu, nipe muda kidogo. Waambie hawa waache mawe."

Aliwanyamazisha, lakini bunduki hakuishusha. Eustache akaja akichechemea, tope mwili mzima. Hakumwita Kaze. Aliketi chini katikati ya maharage, akampa mgongo. Tukangoja. Kaze alikuja polepole, akamwekea mkonga shingoni. Hapo niliinamisha macho, kwa maana nguvu zake nazijua. Nilipoyainua, Eustache alikuwa amesimama anatembea kurudi bomani bila kugeuka, na Kaze anamfuata. Askari akashusha bunduki.

Nimeulizwa kama Eustache alikuwa na kinyongo na safari hiyo. Sitaficha. Hakutaka Kaze aondoke. Tangu mkewe afariki hana mtu. Jumapili aliniambia, "Odette, akienda huyu mimi nabaki na nani?" Lakini lango hakulifungua ili Kaze abaki. Alilifungua akijua kwamba huko nje anaweza kupigwa risasi. Mugenzi anasema hakuingia bomani. Aliingia. Mbavu zake hazikuvunjika akiwa ameketi kwenye lori.

Nimeulizwa hali ya Kaze. Tangu Eustache achukuliwe, amesimama langoni, hataki kula kitu. Leo asubuhi amekunywa maji. Naomba Eustache aambiwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa, sina la kupunguza.

(Sahihi) Mukarugwiza Odette

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta Gatera, na kumsomea shahidi, naye ametia sahihi mbele yangu. Dereva Mugenzi atahojiwa upya hospitalini. Ujumbe wa shahidi nimeufikisha mahabusu. Eustache aliuliza kama tembo amekunywa mwenyewe au amenyweshwa. Nilirudi kumuuliza shahidi, nikampelekea jibu: amekunywa mwenyewe.