Kinu Kimehama

Mikinduri, 2 Februari

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mashamba ya miraa. Magoti yanaendeleaje? Sisi tuko wazima.

Mama, tangu sheria ya kamari ilegezwe, leseni inapatikana bila usumbufu. Jamaa yangu Kaburu ataleta mashine za kamari, zile za kutumbukiza sarafu, aziweke pale kinuni unaposagia watu mahindi. Watu watacheza wakingoja unga, na faida tutagawana. Ni halali sasa, hata polisi hawana neno.

Mwanao,
Njue

Gachoka, 9 Februari

Kwako baba yangu Njue, maana nilikupa jina la baba yangu, na ndivyo nitakavyokuita hata nikikasirika,

Mimi ni mzima, magoti ni yale yale. Naandika kwa sababu kwa simu unanikatia. Barua nampa Muchangi wa lori la maembe.

Kama serikali imeruhusu, basi zikae serikalini. Kinuni kwangu, hapana.

Mama yako

Gachoka, 20 Machi

Baba,

Natumai huumwi, maana hujajibu. Kaburu alikuja nikiwa kanisani, akafungua kwa ufunguo uliompa wewe, akazipanga mashine zake.

Jana jirani yetu Ednah alimtuma mumewe Nyamu na mahindi. Nyamu aliyauza hapo hapo mlangoni, akatumbukiza sarafu mpaka ya mwisho. Ednah alipofuata unga, alikuta gunia tupu. Aliketi sakafuni. Niliona aibu, Njue, na hasira. Ziondoe mashine hizo kabla ya Pasaka.

Mama yako

Mikinduri, 28 Machi

Mama,

Natumai u mzima. Mimi simlazimishi mtu kucheza, Nyamu ni mtu mzima. Na tangu Baba afariki, ploti imeandikwa jina langu. Kama kelele zinakusumbua, pumzika, chumba chote nimpangishe Kaburu.

Mwanao,
Njue

Gachoka, 6 Aprili

Baba,

Hujambo? Mimi mgongo unauma, na nitakwambia kwa nini.

Ploti ni yako, sibishani. Kinu ni changu, nilikinunua kwa mbuzi wangu kabla hujaota meno. Nililia kidogo, nikamaliza, nikaita wanawake. Wale niliowasagia bure mwaka wa kiangazi walikuja na kamba na magogo, tukakivuta hadi kwa Ednah, wanaume wakitukodolea macho barabara nzima. Injini ya dizeli ilikataa kupita langoni. Tuliitukana kwa Kimbeere, ikapita. Nyamu alipokuja kuchungulia, Ednah alimwonyesha upande mzito wa injini, akaubeba.

Kaburu alisimama mlangoni akiuliza wateja watatoka wapi sasa. Nikamwambia amuulize mwenye ploti.

Muchangi atakupa ufunguo wangu. Chumba hicho sitaingia tena. Lakini mwanangu bado ni wewe, na ukija nyumbani na njaa nitakupikia. Ila utapita kwanza kwa Ednah, umwombe unga kwa mdomo wako.

Mama yako