Vyura Waliozikwa Leo Asubuhi

Baba na Dada,

Mpishi wa familia amekimbilia dukani kutafuta mkate mwingine, maziwa na mayai. Tafadhali washeni oveni. ~~Dada asiguse kitu.~~ Dada amenye maembe na ndizi, ila asionje.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpishi alimwahidi Mama kwamba akitoka zamu ya usiku hospitalini, atakuta mkate wa matunda umetoka motoni. Basi jana akaloweka vipande vya mkate kwenye maziwa na mayai, akapanga matunda juu, akaifunika trei na kuiweka kwenye friji. Kisha, kama wanafunzi wanavyolinda chakula bwenini, akabandika onyo: "Vyura wa maabara. Usifungue." Alimlenga Dada mdokozi. Hakumfikiria Baba, ambaye alfajiri alivaa glavu akawazika marehemu hao nyuma ya nyumba. "Poleni, viumbe wa Mungu," alisikika akisema.

Baba, huna kosa. Onyo liliaminika kuliko aliyeliandika.

Mama akitangulia kufika, mwelezeni nyinyi. Mpishi mwenyewe akimwambia kwamba chakula chake kimezikwa kwa heshima zote, nani atamsadiki?

Kitinda mimba wenu, ndiye mpishi