Kamba Nyuma ya Maabara

Dada mpendwa,

Sisi huku wazima. Mama ameshona pazia jipya la sebuleni, na baba bado anabishana na redio. Habari za shule usimuulize tena mama, nakueleza mwenyewe.

Kuna wasichana wa darasani wananiganda. Wakitoka masomoni huruka kamba nyuma ya maabara, na eti wanataka niruke nao. Mimi! Tangu nilipoanguka kwenye mbio na video ikazunguka shule nzima, sijakanyaga uwanja. Kiongozi wao, tunayemwita Twiga kwa urefu wake, siku ile alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Nikajua hapa kuna namna.

Jana nilikwenda, macho yote kwenye mikoba yao.

"Unatafuta nini?" Twiga akauliza.

"Simu mtakayonirekodia."

Twiga akainama. "Nilikucheka, kweli. Lakini tangu ile video hata mimi naogopa kukimbia mbele ya watu. Unadhani kwa nini tunajificha huku?"

Waliposhika kamba, niliingia, nikaruka kidogo, nikajikwaa, nikaanguka kwa magoti. Niligeuka haraka nione nani anacheka. Twiga alikuwa ameshachuchumaa vumbini, ananipangusa goti huku ananikemea: "Inua miguu, usiiangalie kamba!"

Simwamini, dada, nakwambia ukweli. Kesho nitakwenda tena, nimchunguze vizuri.

Mdogo wako, ambaye leo mapaja yanamuuma kwa kuruka, hata ngazi zinamshinda kupanda.