Kuku Aliyefukuzwa na Ikram

Baba Ikram,

Nimewahi sokoni Manundu. Ikram amerudi kulala. Uji wake uko kwenye chupa.

Alfajiri kuku aliingia jikoni. Nikamuuliza Ikram, "Tumwambieje huyu?" Mwanao, ambaye bibi yake alishasema kachelewa kuongea, akanyoosha kidole: "Toka!" Kuku akatoka mbio.

~~Bibi yake usimwambie, nitamwambia mwenyewe.~~ Hapana, mwambie sasa hivi, na shikamoo yangu umpe.

Kila mara mtoto akionyesha kitu, mimi humtajia, humuuliza, humsubiri. Mkanicheka, eti naongea peke yangu kama kichaa. Leo akikuonyesha kitu, weka simu chini, umjibu. Kisamvu ukipashe moto.

Peke yangu, eeh? Mbona nimejibiwa!

Mama Ikram