Jiwe Ulilonipa

Wandegeya, Kampala

Kwa Baba yangu mpendwa, Sajini Ojera,

Pokea salamu nyingi za binti yako. Mguu unaendeleaje? Na Mama, mafua yamemwacha? Mimi sijambo, ila siku hizi naishi kama mtu aliye usingizini, na kosa ni la mawe.

Nilipoanza kuchambua mawe ya kale hapa chuoni nilikuwa kipofu mwenye macho mawili. Mama Séraphine, Mkongomani aliyeifanya kazi hii miaka ishirini, alitupa jicho mara moja tu akasema hili lilichongwa na mtu, hili lilivunjwa na mto. Mimi niliona kokoto. Nilipomuuliza anaonaje alicheka, akaniambia nisogee dirishani, mwanga uje kwa ubavu, nitafute mahali lilipogongwa.

Miezi minane, Baba! Kisha asubuhi moja alama ya pigo ikajitokeza yenyewe: kijivimbe kidogo, na mawimbi yakienea kama maji yaliyoguswa na kidole. Tangu hapo natembea Wandegeya mvuani, na kwenye kokoto za barabarani naona wale watu wa kale wamechuchumaa, wanagonga taratibu, hawana habari nami. Napenda kukaa nao. Mara mbili nimepitiliza hosteli yangu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Umesema utakuja Jumamosi kuliona jiwe lako, lile ulilochimbua kambini ukanolea panga miaka yote, kisha ukanipa nije nalo chuoni, nami nilikuandikia kwamba limewekwa kwenye kabati la kioo. Nilidanganya. Wiki ya kwanza nililiweka mezani nililinganishe na mengine, nikaambiwa niondoe kifusi, nikalizoa humo humo bila kulitambua. Kifusi kilijazwa kwenye shimo la barabara nyuma ya hosteli, lami ikamwagwa juu.

Juzi umbo lake lilinijia akilini, nikaliona kwa macho haya mapya: limechongwa pande zote mbili. Ulisema ni kazi ya mtu, nami nikakucheka. Naona aibu sana, Baba.

Nilitafuta jiwe jingine la kufanana nalo, nikalibandikia jina lako. Mama Séraphine angedanganyika. Wewe ungelishika tu, ukajua. Nimelibandua jina. Jumamosi nitakungoja nyuma ya hosteli, pale penye lami, unikaripie hapo hapo.

Msalimie Mama, na shangazi Atoo mwambie namkumbuka.

Ni mimi binti yako, nikiomba radhi,
Adyero